Namna ya Kusoma Matokeo ya Uchaguzi Mdogo: Mwongozo kwa Wakazi wa Ngara na Biharamulo

Tafuta kalamu kwanza. Redio iache, simu iweke kando, na kijiweni usiende mpaka uwe na kalamu na kipande cha karatasi, maana jioni ya siku ya kutangaza matokeo kila chama kitadai kimeshinda. Aliyetangazwa atasema wananchi wamempa imani kubwa. Wa pili atasema ameibiwa, au atasema ameongeza kura kuliko mara iliyopita, na pengine atayasema yote mawili kwa pumzi moja. Wa tatu, ambaye waliomchagua wangetosha kwenye mabasi mawili, atasema chama kimejitangaza. Msikilizaji asiye na kalamu huwaamini wote watatu, na asubuhi anaamka hajui nini kimetokea jimboni kwake.

Mwongozo huu nauandika kwa mtu anayeishi kati ya daraja la Rusumo na njia panda ya Nyakanazi. Nimemchagua kwa sababu moja: wilaya hizi mbili, Ngara na Biharamulo, zimetoa matokeo yenye mengi ya kusomwa kuliko majimbo mengi yenye kelele, na mara zote waliokuja kutoka Dar es Salaam waliyasoma juu juu wakapanda magari yao wakaondoka.

Anza na aliyeondoka

Uchaguzi mdogo hauji wenyewe. Huletwa na kifo, kujiuzulu, hukumu ya mahakama, au mbunge aliyehama chama akaacha kiti wazi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani amepata, uliza nani ameondoka, na kura alizokuwa nazo zilikuwa zake au za chama chake.

Aprili 2009 mbunge wa Biharamulo Magharibi, Phares Kabuye, alifariki katika ajali ya barabarani. Alikuwa mbunge wa TLP, na katika Bunge lililochaguliwa mwaka 2005 chama hicho kilikuwa na kiti hicho kimoja tu, nchi nzima. TLP ni chama alichohamia Augustino Mrema mwaka 1999 baada ya kugombana na wenzake wa NCCR-Mageuzi, na kila aliyekisikia alifikiria Kilimanjaro. Lakini kiti chake pekee kilikuwa huku, magharibi ya Ziwa Victoria, kwenye misitu na mapori ya Biharamulo. Jambo hilo lilitosha kumshtua yeyote aliyekuwa anafuatilia. Biharamulo haina undugu na Vunjo, kwao Mrema. Watu wa huku hawakuchagua TLP kwa sababu ya Mrema. Walimchagua Kabuye, na TLP ikapata mbunge.

Kwa hiyo siku kiti kilipobaki wazi, kura zake zilibaki bila mwenyewe. Uchaguzi ulifanyika tarehe 5 Julai 2009, Jumapili. TLP ilisimamisha mgombea, na kura zake hazikufika hata elfu moja. Chama kilichokuwa kinalishikilia jimbo hilo miezi isiyozidi mitatu kabla kilikuwa kimekwisha jimboni, na si kwa sababu kimefanya kosa lolote. Mtu wake alikuwa amezikwa.

Hapa ndipo pa kuandika mstari wa kwanza kwenye karatasi yako. Andika jina la aliyeondoka, chama chake, na kura ambazo chama hicho kimepata sasa bila yeye. Tofauti utakayoiona ndiyo habari. Dar es Salaam waliwahi kuiona mapema: Oktoba 1996 Mrema alishinda uchaguzi mdogo wa Temeke kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, na vigogo wa chama wakahesabu Temeke kuwa ngome yao. Miaka 3 baadaye Mrema alihama, na NCCR ikabaki na ofisi na bendera.

Soma namba ya aliyeshindwa

Siku hiyo ya Julai, aliyetangazwa mshindi wa Biharamulo Magharibi alikuwa Oscar Mukasa wa CCM, kwa kura zaidi ya 17,000. Wa pili alikuwa Dk. Mbassa wa CHADEMA, kura zaidi ya 16,000. Pengo kati yao halikufika kura 1,000. Magazeti yaliandika kwamba CCM imerudisha jimbo, na ni kweli ilikuwa imelirudisha. Kofia za kijani zilitupwa hewani na watu wakacheza. Msomaji wa matokeo anatakiwa aiache sherehe ipite, kisha arudi kwenye namba ya wa pili na kukaa nayo kwa muda mrefu zaidi.

Jimboni humo 2005 upinzani ulikuwa ni Kabuye. Mwaka 2009 Kabuye hayupo, TLP imezimika, na bado karibu nusu ya waliopiga kura hawakuichagua CCM. Wapo waliorudi CCM, wapo waliobaki nyumbani, sikatai. Ila kwa kusoma kwangu, kundi kubwa la watu lilihama kutoka chama kimoja cha upinzani kwenda kingine bila kupitia CCM njiani, na lilihama kwa wiki chache tu. Watu wa namna hiyo hawana ushabiki wa rangi ya bendera. Wana msimamo, na wanatafuta wa kuubeba. Chama chenye busara kikipata ushindi wa namna ile kingekaa kikao cha dharura siku ya pili.

Miezi 16 baadaye, Oktoba 31, 2010, Dk. Anthony Mbassa alichaguliwa kuwa mbunge wa Biharamulo Magharibi. Na hakwenda Dodoma peke yake. CHADEMA, iliyokuwa na viti 5 vya majimbo mwaka 2005, ilivuka 20. Kanda ya Ziwa ilitikisika: Nyamagana na Ilemela jijini Mwanza, Ukerewe, Musoma Mjini, Bukombe, Maswa Mashariki na Magharibi, Meatu. Kura za urais za Jakaya Kikwete zilishuka kutoka zaidi ya asilimia 80 hadi sitini na ushee. Aliyekuwa ameandika namba ya Mbassa kwenye karatasi Julai 2009 hakushangaa sana.

Lakini usilewe na mfano mmoja. Wiki 6 kabla ya Biharamulo, tarehe 24 Mei 2009, ulifanyika uchaguzi mdogo Busanda, Geita, baada ya kifo cha Faustine Rwilomba. Chama kilekile cha CHADEMA, kampeni ileile ya Operesheni Sangara, viongozi walewale wa kitaifa majukwaani. CCM ilishinda kwa Lolesia Bukwimba, na pengo lilikuwa la maelfu. Mwaka uliofuata Busanda ilibaki CCM. Kwa hiyo ukubwa wa pengo una maana yake, na umati wa mkutanoni una maana ndogo sana. Watoto wa shule na akina mama wenye ndoo za maji hukimbilia helikopta ikitua uwanjani, na wana haki ya kuikimbilia, kwa kuwa ni kitu cha kutazama. Wengi wao hawana kadi ya mpiga kura. Ukihesabu umati, umeihesabu helikopta.

Majirani nao wametufundisha. Kenya, Julai 2021, jimbo la Kiambaa kule Kiambu, ngome ya Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe: John Njuguna Wanjiku wa UDA, chama cha William Ruto, alimshinda Kariri Njama wa Jubilee kwa kura 510. Watu walisema ni uchaguzi mdogo, yatapita. Agosti 2022 Mlima Kenya wote ukaenda na Ruto. Kwa upande mwingine, Uingereza wanaikumbuka Orpington ya mwaka 1962, ambapo chama cha Liberal kiliwang'oa Conservative kwenye kiti walichokuwa wakikiona chao, nchi nzima ikazungumza habari ya mapinduzi ya kisiasa, na chama hicho hakikuunda serikali. Orpington ilikuwa ghadhabu ya siku moja, na Kiambaa ilikuwa watu wanaohama. Ukitaka kujua umeangukia lipi, tazama kama waliokasirika wana pa kwenda siku ya uchaguzi mkuu.

Hesabu wasiokuja

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Chukua idadi ya walioandikishwa, toa idadi ya waliopiga kura. Jibu litakalopatikana mara nyingi ni kundi kubwa kuliko chama chochote.

Mfano mzuri ni Igunga, Tabora, Oktoba 2, 2011, baada ya Rostam Aziz kujiuzulu. CCM ya Dk. Peter Kafumu ilipata kura 26,484, CHADEMA ya Joseph Kashindye 23,260. Nchi ilisimama wiki nzima ikizungumzia namba hizo mbili. Wapiga kura walioandikishwa walikuwa zaidi ya 170,000, na waliojitokeza kama 53,000. Yaani kwa kila watu 10 wenye kadi, 7 hivi hawakwenda. Watu hao hawakuhojiwa na gazeti lolote, na hakuna kiongozi aliyefika kwao kuuliza kulikoni.

Ukifanya hesabu hii Biharamulo au Ngara, iongezee jiografia. Wilaya ya Biharamulo ni pana, na vijiji vingi viko mbali na lami, pembezoni mwa mapori ambayo mwaka 2019 yaligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kulikuwa na miaka ambapo mabasi ya kwenda Ngara yalisubiriana yakaondoka kwa msafara na askari wenye bunduki ndani, kwa sababu ya majambazi wa porini. Mtu anayeishi mahali ambapo safari ni jambo la kupangwa hupima mara mbili kabla ya kutembea kilomita kadhaa kwenda kumchagua mbunge atakayekaa mwaka mmoja. Mwezi Julai ni kiangazi, mifugo inatafuta maji, vijana wako machimboni. Asiyekuja kituoni si lazima awe amechukia siasa. Huenda alikuwa Lusahunga anashusha mzigo.

Halafu kuna karatasi ya matokeo yenyewe. Nenda kituoni siku ya pili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kura za mbunge zikishahesabiwa huandikwa kwenye fomu namba 21B: jina la kituo, walioandikishwa, waliopiga, zilizoharibika, halafu kila mgombea na kura zake. Mawakala wanasaini chini, mmoja mmoja, na nakala inabandikwa nje ya kituo, mara nyingi kwenye mlango wa darasa. Ukisimama mbele ya mlango ule utaona vitu ambavyo jumla ya jimbo inavificha. Utaona mahali ambapo sahihi ya wakala wa chama fulani haipo, na utajua chama kile hakikuwa na mtu wa kukaa hapo kutwa, maana wakala anahitaji chakula na nauli. Utaona kituo cha njia panda, penye wafanyabiashara na madereva wa malori ya Rwanda na Burundi, kimekwenda upande mmoja, na kituo cha kilomita 8 ndani kimekwenda upande mwingine. Utaona kura zilizoharibika zinazidi kura za mgombea wa tatu. Chukua picha. Picha hizo zikikusanywa kutoka vituo 10 zina thamani kuliko taarifa zote za makao makuu ya vyama.

Ngara inasomwa kwa njia nyingine

Mtu wa Ngara ataniambia: haya yote ni ya Biharamulo, sisi kwetu CCM inashinda ubunge kila mara, tusome nini? Namjibu kwamba Ngara ina kitu cha kusoma, ila kimewekwa ukurasa mwingine.

Angalia majina. Mwaka 2005 alichaguliwa Profesa Feetham Banyikwa. Mwaka 2010, Deogratias Ntukamazina. Mwaka 2015, Alex Gashaza. Mwaka 2020, Ndaisaba Ruhoro. Chaguzi 4, chama kimoja, watu 4. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu wa kwanza aliyefuatiwa na yeye mwenyewe. Jimbo linaloitwa ngome limekuwa likibadilisha mbunge kila baada ya miaka 5, na mabadiliko hayo hufanyika mapema, kwenye kura za maoni za chama, kabla bango la kwanza la kampeni halijabandikwa Rulenge wala Kabanga. Wapinzani wakilalamika kwamba Ngara haina ushindani, wanatazama mwezi Oktoba. Ushindani ulikuwa Julai au Agosti, ndani ya ukumbi, kati ya wanachama wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo ikitokea Ngara kiti kikawa wazi, au kata moja ikafiwa na diwani wake, andika matokeo mawili: ya kura za maoni na ya uchaguzi. Mgombea aliyepita kwa kishindo ndani ya chama halafu akapata kura pungufu nje ni dalili kwamba wajumbe na wananchi hawako pamoja. Aliyeshinda kura za maoni halafu jina lake likakatwa na vikao vya juu, akapelekwa mwingine, ni dalili kubwa zaidi. Hapo ndipo watu wa kijani huanza kuvaa rangi nyingine kimya kimya, au kukaa nyumbani siku ya kura, na chama kikashangaa kura zimekwenda wapi. Baadhi ya ngome za CCM zilizoanguka Kanda ya Ziwa mwaka 2010 zilianza kuvuja kwenye kura za maoni.

Ngara ina jambo jingine ambalo si la kufanyia mzaha. Ni wilaya ya mpakani, inapakana na Rwanda na Burundi, na Aprili 1994 ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda pale Benaco. Lugha za pande zote mbili za mpaka zinasikilizana. Katika mazingira hayo, silaha rahisi kuliko zote kwenye kampeni ni kumwambia mpinzani wako si raia. Mwaka 2013, baada ya Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera kutoa siku 14 wahamiaji haramu waondoke, ilikuja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu walivushwa mpaka, wakiwemo watu walioishi huku miongo kadhaa. Ukisoma matokeo ya Ngara bila kujua nani alikuwa anaogopa kujitokeza kituoni siku ya kura, umesoma nusu. Na ukiwa wewe ni mgombea, nakuomba: shindana na mwenzako kwa barabara, kwa maji, kwa bei ya kahawa. Uraia wa bibi yake uache.

Jihadhari na namba zinazong'aa sana

Kuna kipindi kalamu yako haitakusaidia, na ni lazima ukijue. Oktoba 28, 2012 kata 29 zilifanya uchaguzi mdogo wa madiwani nchini. CCM ilipata 22, CHADEMA 5, na CUF na TLP kata moja moja. Hayo ni matokeo yenye habari ndani yake. Unaweza kukaa nayo ukauliza kwa nini kata hii na si ile. Novemba 26, 2017 zilikuwa kata 43. CCM ilipata 42, CHADEMA ikabaki na Ibighi ya Rungwe. Agosti 12, 2018 zilikuwa kata 77 pamoja na jimbo la Buyungu. CCM ilipata zote.

Msomaji mwepesi atachora mstari unaopanda kutoka 22 hadi 42 hadi 77, aseme chama kimependwa kupita kiasi. Asichore. Katika kata nyingi za 2018 hapakuwa na uchaguzi kabisa, kwa kuwa wagombea wa upinzani walienguliwa kwenye fomu au hawakurudisha fomu, na aliyebaki akapita bila kupingwa. Mahali ambapo mgombea mmoja tu yuko kwenye karatasi, umejifunza habari za ofisi ya msimamizi wa uchaguzi, na habari za wapiga kura hujajifunza hata moja.

Buyungu inatuhusu kwa ukaribu, kwa sababu Kakonko ni majirani zetu, hapo tu ukishapita Nyakanazi kuelekea Kibondo. Mwaka 2015 Kasuku Bilago wa CHADEMA, mwalimu, alimwangusha Christopher Chiza, aliyekuwa waziri. Bilago akafariki Mei 2018. Agosti Chiza akarudi bungeni. Ukisoma kwa kanuni ya kwanza ya mwongozo huu, utasema kura zilikuwa za Bilago na zimeondoka naye, kama zile za Kabuye. Inawezekana. Lakini Kabuye alipofariki, upinzani uliruhusiwa kuhutubia kwa wiki kadhaa na pengo likawa chini ya kura 1,000. Mwaka 2018 mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa nje ya kampeni kwa miaka 2, na viongozi walikuwa wanashinda mahakamani. Huwezi kulinganisha matokeo ya mechi mbili ambapo katika moja timu ilikatazwa kufanya mazoezi.

Miaka hiyohiyo tuliona aina ya uchaguzi mdogo ambayo mwongozo wowote ungepata tabu kuipanga. Mbunge wa upinzani anajiuzulu, anatangaza anaunga mkono juhudi za Rais, anateuliwa na CCM, na anagombea kiti alichokiacha wazi mwenyewe. Maulid Mtulia alifanya hivyo Kinondoni na Dk. Godwin Mollel Siha, Februari 2018. Mwita Waitara akafanya hivyo Ukonga na Julius Kalanga Monduli, Septemba mwaka huo. Wote wakashinda. Serikali ilichapisha karatasi, ikalipa makarani, ikakodi magari na kuweka askari, ili mtu yuleyule arudi kwenye kiti kilekile akiwa na kadi nyingine mfukoni. Siku moja kabla ya kura ya Kinondoni, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa kwenye daladala na hakuhusika na siasa yoyote, aliuawa kwa risasi polisi walipokuwa wanatawanya waandamanaji. Kwenye karatasi yako, matokeo ya aina hii yaandike kwa rangi tofauti. Usiyajumlishe na ya Biharamulo 2009.

Tangu hapo sheria imebadilika kidogo. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2024 inataka mgombea aliyebaki peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana, asipite tu. Ni hatua, na inakupa namba mpya ya kuandika, maana kura za hapana zina wenyewe. Lakini uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 ulifanyika CHADEMA ikiwa nje ya karatasi, baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili Aprili, na mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu. Ukijaribu kuyasoma matokeo yale kutafuta nyota ya chama gani inapanda na ipi inashuka, utaumiza macho.

Biharamulo, kwa muhtasari wa viti

Mbassa wa CHADEMA alikaa hadi 2015. Mwaka huo Oscar Mukasa, yuleyule wa 2009, alirudi na kulichukua jimbo kwa CCM, mwaka ambao John Magufuli, mtoto wa Chato, alikuwa anagombea urais. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo kabla ya kuwa wilaya, na Magufuli aliingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1995 kwa jimbo lililoitwa Biharamulo Mashariki. Wapo wanaosema Mukasa alibebwa na jirani huyo. Wapo wanaosema Mbassa alichoka. Mimi naona yote mawili yana ukweli, na la tatu ni kwamba watu wa jimbo lile hawampi mtu kiti cha kulalia: 2020 Mukasa naye aliondoka, akaingia Mhandisi Ezra Chiwelesa. Kati ya 2005 na 2015 kiti kimoja kilikaliwa na vyama 3. Majimbo mangapi Tanzania Bara yanaweza kusema hivyo?

Ndiyo maana nasema makao makuu ya vyama vyote yangeitazama Biharamulo kwa makini kuliko yanavyotazama Arusha au Mbeya. Mijini watu wana ushabiki, na shabiki hukueleza ataipigia nani kura miaka 5 kabla. Huku watu wanasikiliza. Wakulima wa mihogo na tumbaku, wafugaji waliohamia kutoka Usukuma, wachimbaji walioachwa na mgodi wa Tulawaka, wenye maduka ya njia panda: kila kundi lina madai yake juu ya ardhi na mipaka ya hifadhi, na linampa kura anayeelekea kuyajua. Chama kinachokuja na hotuba iliyoandikwa Kinondoni kitapokelewa kwa adabu, kitapewa kiti cha mbele, na kitaondoka na kura pungufu.

Siku ya uchaguzi mdogo ujao

Wakati utafika, kwa maana watu hufa na watu huhama. Fanya hivi. Chukua karatasi yako ya zamani, ile ya uchaguzi mkuu uliopita, uiweke kushoto. Kulia weka ya sasa. Usianze na mshindi. Anza na walioandikishwa, kisha waliokuja, kisha zilizoharibika, kisha wa pili, kisha chama cha aliyeondoka, na mshindi awe wa mwisho. Ukikuta wa pili wa leo si wa pili wa jana, piga mstari chini yake. Ukikuta pengo limepungua chini ya kura 1,000, piga mistari miwili, na mtafute wakala aliyekaa kituoni siku nzima umuulize nani alikuja asubuhi na nani alikuja saa tisa. Ukikuta mgombea ni mmoja, andika kura za hapana na jina la kata. Ukikuta kituo ambacho nakala haikubandikwa mlangoni, andika hilo kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na tarehe, na saa, kisha mwambie mwenyekiti wa kitongoji mbele ya watu wawili.

Halafu karatasi hizo zitunze mahali pakavu. Kuna mtu atakuja kuziomba Oktoba 2030.